Jinsi ya kuitunza sauti iliyokula chumvi nyingi, hasa mkiwa safarini

Hii naandika kwa ajili ya mwimbaji mwenyewe aliyefika miaka 55, 60 na kuendelea na bado anapanda steji, na pia kwa yule anayempangia kazi, awe kiongozi wa bendi, promota au mtoto wake. Maana kwa ninavyoona mimi sauti nyingi za wakongwe wetu haziuliwi na uzee, zinauliwa na ratiba na ki za nyimbo, yaani wimbo umepangwa juu au chini kiasi gani. Mtu ana miaka 65 anaimbishwa wimbo aliourekodi akiwa na 27, kwa ki ile ile, saa saba za usiku, siku ya tatu mfululizo, baada ya kulala kwenye basi, alafu sauti ikikwaruza watu wanasema mzee kaisha. Hajaisha bana, kapangiwa vibaya.

Kinachotokea ndani ya koo

Kwenye zoloto, pale panapotokeza shingoni kwa mwanaume, kuna nyuzi mbili za sauti, kwa mwanaume zinakaribia sentimita 2 kwa urefu na kwa mwanamke ni fupi zaidi. Hewa ikitoka mapafuni zinagongana na kuachana kwa kasi ambayo macho hayaioni. Ile noti ya A mnayotyunia vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde, A ya chini yake ni 220, sasa mwanaume akiikalia hiyo ya 220 dakika moja tu nyuzi zake zimegongana mara 13,200, na saa nzima ya kuimba inakaribia laki 8. Hiyo ni kazi, hata kwa kijana.

Umri ukienda, misuli iliyo ndani ya nyuzi inapungua unene na ule mvutiko wake unapotea kama mpira wa manati uliokaa juani, gegedu za zoloto zinaanza kukomaa kuwa mfupa, na tezi zinazotoa ute wa kulainisha zinapunguza kazi. Nyuzi zikisinyaa hivo zinashindwa kukutana vizuri katikati, panabaki upenyo, hewa inavuja, ndo ile sauti unasikia ina pumzi pumzi na haikai muda mrefu. Mapafu nayo yanabeba hewa pungufu na mbavu hazipanuki kama zamani, kwahiyo ule mstari mrefu aliokuwa anaumaliza kwa pumzi moja sasa anaukata mara mbili.

Kwa mama aliyekoma hedhi sauti huwa inashuka na kuwa nzito, kwa mzee wa kiume ni kinyume, sauti ya kuongea inapanda kidogo na kuwa nyembamba, ila msidhani kapata noti mpya za juu, hapana, noti za juu kwa wote zinakuwa dhaifu na zinachoka mapema. Na kuna kitu watu hawakihesabu kabisa, masikio. Mtu aliyesimama mbele ya spika na ngoma miaka 40 usikivu wake umepungua, hajisikii vizuri, kwahiyo anapiga kelele bila kujua. Meno pia, akiweka meno ya bandia herufi zinabadilika mdomoni, anahitaji wiki kadhaa za kuzoea kuimba nayo kabla ya shoo kubwa, sio ayaweke Alhamisi Jumamosi yuko jukwaani.

Tatizo kubwa linakuja hapa: mwimbaji akisikia hewa inavuja anakamua shingo ili azibe ule upenyo kwa nguvu, utaona mishipa imesimama na kidevu kimenyanyuka. Akifanya hivo usiku mmoja atapona, akifanya mwezi mzima wa ziara nyuzi zinavimba, zinaota vinundu, au kamshipa kadogo kanapasuka na damu inavilia kwenye uzi. Uzee wenyewe unakuja taratibu na unazoeleka, huku kukamua ndo kunamaliza mtu ghafla.

Anza na ki, mengine baadae

Hili ndo la kwanza na ndo linalopingwa sana, eti mashabiki watajua. Mashabiki wanajua wimbo, hawajui ki. Elton John alifanyiwa upasuaji wa koo Januari 1987 kule Australia, sauti ikarudi nzito na zile noti nyembamba za juu za miaka ya 70 akaachana nazo, na bado alizunguka dunia mpaka 2023. Leonard Cohen wa Kanada alirudi kwenye ziara 2008 akiwa na miaka 73, sauti ishazama chini kabisa karibu na kuongea, kumbi zikajaa. Hakuna aliyedai kurudishiwa hela.

Namna ya kutafuta ki mpya: mkae wawili tu, mwimbaji na mpiga kinanda au gitaa, bendi nzima isiwepo maana mbele ya vijana mzee hatakubali kuonekana ameshindwa. Tafuteni ile noti ya juu kuliko zote kwenye wimbo, mara nyingi iko kwenye kiitikio au pale kwenye kuita kabla ya sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza. Mwambie aiimbe kwa sauti ya kati, sio kubwa, aishike huku anahesabiwa mpaka nne. Mwangalie kidevu. Kikinyanyuka shusha nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, mrudie, mpaka mfike mahali kidevu kimetulia na uso haujakunjamana. Alafu shusheni nusu toni nyingine tena, kwasababu hapo amepumzika na amekunywa chai, na nyinyi mnatafuta ki ya siku mbaya, ile siku ya tatu ya safari, sio ya siku nzuri. Kisha pimeni chini pia, beti zisije zikazama hadi haisikiki, ikizama ni bora mbadilishe melodi ya ile noti moja ya juu kuliko kushusha wimbo wote.

Kwa bendi za dansi kuna njia rahisi ambayo wapiga gitaa wanaipenda, kama ni nusu toni tu gitaa zote pamoja na besi zinatyuniwa chini nusu toni, vidole vinabaki pale pale, ile solo ya zamani inapigwa vile vile na mlio wa nyuzi wazi haupotei. Wapulizaji ndo watalalamika kwasababu wao hawawezi kulegeza tarumbeta, wapeni wiki moja wajifunze upya. Ila mkishusha toni nzima, kwa mfano kutoka C kwenda B flati, tarumbeta linapata kazi nyepesi kuliko mwanzo maana hapo ndo nyumbani kwake. Kwa taarab, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ina vile vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi, lakini toni nzima inataka ityuniwe upya, kwahiyo pangeni nyimbo za mkongwe zifuatane kwenye ki moja au mbili, mpiga kanuni asihangaike katikati ya shoo watu wakaanza kupiga soga.

Ukishapata ki iandike kwenye daftari la bendi, wimbo, ki, tarehe. Baada ya mwaka mpime tena.

Mazoezi ya mrija

Hili zoezi linatumiwa na wataalamu wa sauti sehemu nyingi duniani na halina gharama. Chukua glasi, maji nusu, mrija wa soda. Ncha ya mrija iingie kwenye maji kama sentimita 2 hivi, midomo ibane mrija vizuri hewa isitoke pembeni, alafu toa sauti ya "uuu" kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu madogo yanayofuatana sawa sawa. Mapovu yakiruka ruka na kukatika maana yake unasukuma vibaya, punguza. Bana pua kwa vidole ukiwa unaendelea, sauti ikikatika basi hewa ilikuwa inatokea puani, rekebisha. Fanya dakika moja kwa noti moja ya kawaida ya kuongea, kisha panda taratibu kutoka chini kwenda juu na kurudi, bila kulazimisha, halafu maliza kwa kuimba beti nzima ya wimbo wako humo humo kwenye mrija bila maneno. Kinachofanyika ni kwamba maji yanarudisha msukumo kidogo kinyume na hewa yako, zile nyuzi zinatengana na kukutana kwa upole bila kubamizana, kwahiyo misuli inapashwa moto bila kuumizwa.

Mkongwe afanye hivi kila siku, asubuhi dakika 5, kabla ya shoo dakika 10, na baada ya shoo dakika 3 za kulituliza koo. Kila siku nimesema, hata wiki isiyo na shoo, maana misuli ya mzee ikikaa wiki mbili bila kazi inachukua muda mrefu kurudi kuliko ya kijana. Tony Bennett, mwimbaji wa Marekani, alikuwa na mazoezi yake ya sauti ya kila siku toka ujana na alisimama jukwaani New York Agosti 2021 akiwa na miaka 95. Na mwili pia, kutembea nusu saa jioni kunasaidia pumzi kuliko dawa yoyote ya koo inayouzwa stendi.

Hapa naomba niseme kuhusu Ramadhani, maana watu wa taarab hili linawagusa moja kwa moja. Mwezi mzima hakuna shoo, koo limepumzika sawa, lakini pia halina mazoezi, alafu ghafla Idi inaingia na sikukuu Zanzibar ni siku nne, kazi kila usiku. Mama wa miaka 60 anatoka kwenye ukimya moja kwa moja kwenye shoo nne. Ule mrija wa kila siku aufanye baada ya futari akishakunywa maji ya kutosha, kuanzia kumi la mwisho aongeze na kuimba kidogo, na mpangeni usiku wa kwanza na wa tatu, vijana wabebe wa pili na wa nne.

Njiani

Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwenye basi kitu kinachochosha koo sio safari, ni stori. Muungurumo wa injini unakufanya upaze sauti bila kujua, masaa kumi na kitu ya kupiga soga juu ya injini ni kama umeimba shoo mbili, na ukifika ndo unaambiwa kuna ya tatu. Mkongwe akae mbele, mbali na wachekeshaji wa bendi, kitambaa puani kama kuna vumbi, na asiongee. Najua ni ngumu kwa mtu ambaye wote wanataka stori zake, lakini kiongozi awaambie vijana kabla hamjaondoka stendi.

Kwenye ndege hewa ni kavu sana, unyevu mara nyingi uko chini ya asilimia 20, wakati sisi wa pwani tumezoea hewa ya kushika na mkono. Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima, punguza kahawa na pombe, jifunike pua na mdomo kwa barakoa au kanga ili upumue unyevu wako mwenyewe. Na ufike siku moja kabla. Promota wa Muscat au London atasema tiketi ya siku ile ile ni rahisi, mkatalieni, kwasababu maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula, mpaka mwili uyanyonye na kuyafikisha kule inachukua masaa. Kitu pekee kinachogusa nyuzi moja kwa moja ni unachovuta, yaani mvuke, kwahiyo hotelini fungulia maji ya moto bafuni kaa humo dakika 10, na usilale na AC inakupuliza usoni.

Ukitoka pwani kwenda Nairobi unapanda karibu mita 1,700, usiku ni baridi na pumzi inakuwa fupi kwa mzee, hapo punguzeni idadi ya nyimbo usiku wa kwanza.

Alafu hizi intavyuu. Msanii mkongwe akifika mji mpya kila redio inamtaka, asubuhi redio hii mchana ile jioni hoteli anasalimia wadau, mpaka usiku kashaongea masaa sita. Kuongea kwenye kelele kunachosha kuliko kuimba. Intavyuu mbili kwa siku zinatosha, na siku ya shoo zisiwepo kabisa. Shoo mbili mfululizo ndo mwisho, ya tatu iwe baada ya siku nzima ya kupumzika, na kupumzika maana yake kukaa kimya, sio kunong'ona, maana kunong'ona kwa nguvu kunakamua koo kuliko kuongea kwa upole.

Usiku wa shoo

Dansi letu linaanza saa tatu usiku linaisha saa nane, na kuna tabia ya kumficha mkongwe mpaka mwisho ili watu wasiondoke. Hii tabia naiona ni ukatili, samahani kwa watakaokwazika. Mzee anakaa nyuma ya steji kwenye moshi wa sigara na nyama choma masaa manne, koo lililopashwa moto limeshapoa, ndo anaitwa. Mpandisheni saa nne na nusu, nyimbo nne zake kubwa, apumzike, arudi na mbili, alafu aende kulala. Vijana wabebe viitikio, yeye abaki na beti ambazo ndo watu wanazilipia, zile noti za juu apewe kijana aimbe naye pamoja, wala hakuna aibu, muziki wetu toka zamani ni wa kuimba kwa kupokezana. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji wa dansi, alikuwepo bendi ya NUTA Jazz tangu 1964 na alistaafu 2013, karibu nusu karne, kwenye bendi ambazo daima zilikuwa na safu ya waimbaji sio mtu mmoja.

Kwenye taarab angalieni tuzo. Watu wakianza kupanda kutunza, wimbo wa dakika 10 unakuwa wa 20 na mama anarudia kiitikio mpaka foleni iishe. Kiongozi awe na ishara, foleni ikiwa ndefu fidla na kanuni zichukue, mama apokee tuzo huku anatabasamu, hakuna atakayekasirika.

Fundi mitambo naye ni mtu muhimu kuliko daktari usiku huo. Monita ya mkongwe, ile spika ya jukwaani inayomwelekea yeye, iwe na sauti yake kwanza, na kinanda kidogo cha kushika ki, ngoma na besi ziondolewe humo. Asipojisikia atapaza, akipaza anakamua. Saundi cheki aifanye kweli lakini kwa nyimbo mbili, isiwe shoo ya bure.

Yanayoingia mdomoni

Yai bichi, limao na chumvi, tangawizi kali, kila mji una dawa yake. Chai ya uvuguvugu na asali inaliwaza koo na inaongeza mate, kunyweni, lakini kama nilivyosema haifiki kwenye nyuzi. Tangawizi na limao nyingi usiku kwa mwenye kiungulia ni kujitafutia, na wazee wengi wanacho, asidi inapanda usiku inaunguza zoloto, anaamka asubuhi sauti nzito na makohozi. Asile chakula kizito ndani ya masaa 3 kabla ya kulala, ndo shida ya ile chipsi kuku ya saa tisa usiku baada ya shoo, ale kabla ya kazi, baada ya hapo ndizi au uji mwepesi.

Sigara, hapa kila mara mtu ananiletea Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar. Ni kweli bibi alivuta na aliimba mpaka uzeeni kabisa, akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, 2005 na akafariki Aprili 2013 akiwa bado jina kubwa. Lakini angalieni alikuwa anaimba nini, unyago na taarab ya zamani, sauti nzito ya kifua yenye mkwaruzo ambao ndo ulikuwa utamu wenyewe, hakuwa anatafuta noti laini za juu. Na yeye ni mmoja, waliovuta wakapoteza sauti hawana picha ukutani. Acheni sigara.

Dawa za hospitali ziangalieni pia. Baadhi ya dawa za presha, zile za jamii ya captopril, enalapril na lisinopril, zinaleta kikohozi kikavu kisichoisha kwa baadhi ya watu, mwimbaji akikohoa miezi anadhani ni koo kumbe ni kidonge. Usiache mwenyewe, presha inaua, mwambie daktari wewe ni mwimbaji akubadilishie, zipo za aina nyingine. Dawa za mafua na aleji nyingi zinakausha. Aspirini na ibuprofeni siku ya shoo zinaongeza uwezekano wa damu kuvilia kwenye nyuzi, ila kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo usiiguse bila daktari. Na vile vidonge vya kumumunya vinavyotia ganzi, kabla ya kupanda steji hapana, koo lisilosikia maumivu linaumia zaidi.

Lini kwenda kwa daktari

Sauti ikikata ghafla katikati ya wimbo, kama imezimwa, acha kuimba pale pale, usimalizie hata kiitikio, kaa kimya na kesho uonwe, inaweza kuwa damu imevilia. Mkwaruzo uliozidi wiki 3, makohozi yenye damu, maumivu ya kumeza au uvimbe shingoni, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo, KCMC ya Moshi wapo, Kenyatta kwa wa Nairobi, waombe waangalie nyuzi kwa kamera, sio kuchungulia mdomo kwa tochi, maana kwa tochi nyuzi hazionekani. Kwa aliyevuta sigara miaka mingi usisubiri hata hizo wiki 3.

Wakisema upasuaji, uliza kwanza kama mazoezi ya tiba ya sauti yanaweza kutosha, kwa uzee wa nyuzi mara nyingi ndo yanayoanza. Julie Andrews, mwimbaji na mwigizaji wa Uingereza, alifanyiwa upasuaji wa nyuzi 1997 na ile sauti yake ya kuimba haikurudi. Wengine wamepona vizuri kabisa, lakini uliza daktari mwingine wa pili kabla ya kukubali.

Na nyinyi wenye bendi, mkongwe akiwa na karatasi ya daktari ya kupumzika wiki mbili mlipeni japo nusu. Wengi wanaimba na koo bovu kwasababu asiyepanda steji halipwi, na wanaowategemea nyumbani ni wengi. Wekeni hilo kwenye makubaliano kabla ya ziara kuanza, pamoja na siku za kupumzika na muda wa kupanda steji, na promota asaini.